Mtoto akiharibu biashara ya familia, mzazi amtoe ama amvumilie?

Wadau hebu tuongee hii maneno bila kuoneana aibu. Kuna wale wanasema duka ni la familia na ukimtoa mtoto wako kazini ni kama umemfukuza kwa boma, na kuna sisi tunasema akiharibu atoke kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mimi nasema atoke, na kufika hapo imeniuma sana.

Baba alianzisha agroveti huku upande wa Njoro, mbolea, mbegu, dawa za ng'ombe, chakula cha kuku. Alipoanza kuugua presha akampea kaka yetu mkubwa funguo, hakuna aliyeuliza kama anaijua hio kazi, ni kifungua mimba basi. Kidogo kidogo stoki ikaanza kuisha, halafu mvua ya Machi ikafika wakulima wanatafuta mbolea ya DAP na sisi hatuna hata gunia moja, sapulaya wa Nakuru mjini amekataa kutuletea juu anatudai. Jumamosi moja nikaenda kusaidia kuuza, nikaona pale ukutani kwa namba ya tili ya duka, ile wateja wanalipia kwa simu, kuna karatasi ingine imebandikwa juu na selotepu, imeandikwa namba ya simu ya kaka. Nikaibandua polepole. Namba ya duka ilikuwa tu hapo chini, na yule kijana wa kuuza akaniangalia akainamisha kichwa, kumbe amejua kitambo.

Usiku nikamwambia mama. Akaniuliza, "Sasa unataka nifanye nini, si ni mimi nilimzaa?"

Ilichukua miezi minane kabla mzee aite kikao. Kaka akaambiwa atapata fungu lake la faida kila mwaka kama sisi wote lakini kwa kaunta asikanyage tena, tukaandika kazi mwanamke mmoja wa nje ya familia amesomea kilimo Chuo Kikuu cha Egerton. Mimi naona hio miezi minane ilituumiza kushinda hata pesa zilizopotea, kwa sababu wateja wa baba wa miaka mingi walikuwa wamezoea duka la ng'ambo ya barabara na wengi hawajarudi.

Sasa najua kuna mtu ataniambia angalia Tuskys, ile supamaketi ya familia iliyoanguka. Hio ni hoja nzito na siikwepi. Ilianzia huku kwetu Rongai ya Nakuru, mzee aliyeianzisha akafariki 2002, vijana wake wakashtakiana kortini, baadaye wakaleta mkurugenzi asiye wa familia na bado maduka yakafungwa. Lakini jiulizeni, huyo mtu wa nje alipewa usukani kweli ama alikalishwa tu kwa kiti huku ndugu bado wanavutana nyuma yake? Naivas, supamaketi ingine ya familia, pia mizizi yake ni hukohuko Rongai, na wao pia walipelekana kortini juu ya hisa, lakini 2020 wakauza 30% kwa wawekezaji wa nje, na 2022 kundi la wawekezaji likiongozwa na kampuni ya IBL ya Mauritius likawa na 40%. Mtu ameweka pesa yake hapo hakuachii ufanye meneja wa tawi juu ni binamu yako.

Na msilete hii ya ati kumtoa ni kumnyima urithi. Sheria ya Urithi inatambua watoto wote, hata sisi mabinti tumeolewa, na hakuna mahali imesema kifungua mimba ndiye atashika droo ya pesa. Hayo mambo mawili tumeyachanganya miaka mingi sana enyewe.

Siwezi kuwadanganya ati nyumbani kumetulia. Kaka hajakanyaga kwa mzee tangu hicho kikao, Krismasi iliyopita mama alimwekea sahani ikapoa hapo mezani mpaka jioni.

Kwa hivyo nyinyi mnasema avumiliwe, nataka mniambie, mngevumilia mpaka wapi? Na wale mmewahi kumtoa ndugu kazini na bado mnaongea, mliketi naye aje, nani alianza kusema?