Eti "msaidizi wa mumewe"! Yule bwana wa anga leo kanivuruga

Wakuu, nimetoka ukumbini kwenye mhadhara wa mambo ya nyota sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule mwenye slaidi za enzi za Mkoloni.

Kafika kwa Margaret Burbidge, yule mwanaastronomia, kasema: "Huyu mama alikuwa msaidizi wa mumewe." Akacheka. AKACHEKA! Slaidi inayofuata, Pluto.

Msaidizi?! Mama aliomba ufadhili wa Carnegie, taasisi ya sayansi ya Marekani, akanyimwa kwa sababu ni mwanamke, darubini zao za kituo cha Mount Wilson kule California zilikuwa za wanaume. 1955 ufadhili huo akapewa mumewe, Geoffrey, mtu wa nadharia asiye wa darubini, ndipo bibie akapenya kwa jina la "msaidizi". Usiku ukiingia, nani yuko kwenye darubini? Mama! Na kwenye bweni la kituo hawakutakiwa, wakapewa kijumba chao pembeni.

1957 ikatoka makala ya B²FH (herufi za majina yao), ya jinsi elementi zinavyotengenezwa ndani ya nyota: yeye, Geoffrey, na wanasayansi wenzao Fowler na Hoyle, kurasa zaidi ya 100, jina la kwanza LAKE. Chuma kilichomo kwenye damu yako, ewe mchekaji, kilipikwa ndani ya nyota. Halafu unacheka!

Nimenyoosha mkono, ananiambia "tutarudi hapo". Mpaka naondoka hatujarudi.

Pete ya Zohali: Pole mkuu. Huyo huyo alishatuambia Mirihi ina joto kuliko Zuhura.

Babu Kimondo: Umekasirika kuliko wafiwa. Mama wa watu kafariki 2020 akiwa na miaka 100, hana habari na nyie.

Mleta uzi: Alicheka, mkuu. Ungeuona ule mdomo.

Kitonga: Mnamlilia Margaret, mimi namlilia Hoyle. Nobel ya fizikia ya 1983 kapewa Fowler na mwanafizikia mwingine, Chandrasekhar, Hoyle hata kuitwa hakuitwa. Huo ndio wizi.

Babu Kimondo: Hoyle si ndiye aliyeikataa Big Bang, ile nadharia ya mlipuko ulioanzisha ulimwengu, mpaka anaingia kaburini? Aende zake.

Kitonga: Geoffrey naye aliikataa, mbona humsemi?

Mama Sambusa: Samahani, mlipewa chakula? Tangazo lilisema chai na vitafunio, mimi nimeambulia maji ya uvuguvugu.

Pete ya Zohali: Sambusa ziliishia kwa wale wa viti vya mbele.

Mleta uzi: Jamani! Margaret alikataa hata Tuzo ya Annie Cannon, tuzo ya astronomia ya Marekani, kwa kuwa ilitengwa kwa wanawake tu. Msaidizi gani wa hivyo?

Mama Sambusa: Sawa mkuu. Za nyama au za dengu?