Gumzo la familia: buluu ya kipepeo

Zuhura: Jamani hii video mmeiona?? Mtu kachukua bawa la yule kipepeo wa buluu anayeng'aa anaitwa morpho, wale wa Amerika Kusini, kalidondoshea spiriti tone moja tu, pale pale pakawa kijani. Kijani kabisa! Afu spiriti ikikauka buluu inarudi kama hakijatokea kitu

Kaka Idi: wameediti hao 😂

Mjomba Hamisi: Hawajaediti Idi. Yule kipepeo hana rangi ya buluu hata chembe. Bawa lake lina vigamba vidogo vidogo vimepangana, na juu ya kila kigamba kuna mistari myembamba yenye matabaka na hewa katikati, sasa mwanga ukigonga pale matabaka yanairudisha buluu kwa nguvu, nyingine zinapotea. Ukitia spiriti ile hewa inatoka spiriti inakaa mahali pake, mwanga unapinda tofauti, unaona kijani. Ikikauka hewa inarudi, buluu nayo inarudi

Kaka Idi: sasa hiyo buluu ninayoiona iko wapi kama haipo

Mjomba Hamisi: We umeshaona mafuta yakimwagika juu ya maji? Zile rangi rangi ziko kwenye mafuta?

Kaka Idi: 🤐

Zuhura: Hahaha mjomba kamaliza

Shangazi Mwajuma: Hamjambo nyote. Mimi nauliza tausi je? Maana lile nyoya lake mtu asiniambie halina rangi

Zuhura: Shikamoo shangazi

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu

Mjomba Hamisi: Tausi ni hivyo hivyo dada. Rangi yenyewe iliyomo mle ni melanini, hiyo hiyo inayofanya nywele zetu ziwe nyeusi. Chukua nyoya ulisage liwe unga, mapambo yote kwaheri unabaki na kitu cha kahawia

Shangazi Mwajuma: Subhanallah. Na kinyonga?

Mjomba Hamisi: Hapo ndo penyewe. Mwaka 2015 wanasayansi wa chuo kikuu cha Geneva walimchunguza kinyonga mmoja wa Madagaska wakakuta kwenye ngozi yake kuna seli zimejaa fuwele ndogo mno. Akitulia fuwele zinasogeleana, ngozi inarudisha buluu, na kwa kuwa juu yake kuna rangi ya njano basi sisi tunaona kijani. Akikasirika akamwona dume mwenzie zinaachana, anageuka njano mpaka wekundu. Kwa hiyo wanaosema anafuata rangi ya tawi alilokaa wanamsingizia, mara nyingi ni hasira zake na mapenzi yake tu

Kaka Idi: kumbe kinyonga ni status ya watsap 😂😂

Neema: Nimesoma meseji zote toka juu na nyie watu wa sayansi mnaongea kama buluu ni kitu cha kuchezea, wachoraji wameteseka nayo jamani! Zamani buluu nzuri ya Ulaya ilikuwa inatoka kwenye jiwe la lapis lazuli, na jiwe lenyewe linatoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Linasagwa, linakandwa na nta na utomvu kwenye maji ya magadi mpaka buluu ichujike, uchafu ubaki. Na kwa kuwa ilitoka ng'ambo ya bahari ndo maana iliitwa ultramarini, na bei yake ilikuwa inashindana na dhahabu. Sasa yule Vermeer wa Uholanzi, kwenye picha ya msichana mwenye hereni ya lulu, kama 1665 hivi, kaipaka kwenye kitambaa cha buluu cha kilemba kama hana akili nzuri

Zuhura: Na hiyo lulu kubwa vile

Neema: Lulu yenyewe ukiisogelea ni mapigo machache tu ya brashi nyeupe, haina hata kishikizo cha kuishikia sikioni. Na ile nyuma nyeusi? Walipoipima picha kwa mashine, mwaka 2020 wakatangaza kwamba palikuwa na pazia la kijani, limefifia lote. Mi hilo ndo linaniuma, tunaipenda picha ambayo mwenyewe hakuichora hivyo

Shangazi Mwajuma: Sasa hivi bado wanasaga mawe?

Neema: Wachache tu shangazi. 1824 Ufaransa walitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayetengeneza ultramarini ya bei nafuu, 1828 akapewa mkemia Guimet. Ni udongo mweupe, magadi, salfa na makaa, unachoma. Buluu yake inatokana na salfa, ambayo ukiiona peke yake ni ya njano, hapo ndo nachokaga kabisa

Kaka Idi: haya na mimi nina yangu. pweza ana damu ya buluu na hiyo ni buluu ya ukweli sio mazingaombwe ya mwanga, inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma kama yetu. mioyo mitatu. na akiogelea ule mkubwa unasimama ndo maana anapenda kutambaa

Mjomba Hamisi: Leo umesema la maana. Ongeza na hili, anabadilisha rangi kuliko kinyonga na macho yake yana aina moja tu ya seli za kupokea mwanga, sisi tuna tatu za kutofautisha rangi

Kaka Idi: yaani haoni rangi afu anavaa rangi zote??

Zuhura: Ngojeni nimegoogle nimekuta kiboko yao. Kuna mmea wa misitu ya Afrika unaitwa Pollia condensata, tunda lake buluu linang'aa kama chuma kilichosuguliwa, nalo halina rangi ya buluu ndani ni kuta za seli tu zimejipanga. 2012 walipima matunda yaliyochumwa Ghana 1974, makavu, na bado yanawaka vile vile!

Shangazi Mwajuma: Linaliwa?

Zuhura: Halina nyama wala maji shangazi, mbegu tupu. Wanasema ndege anavutiwa na mng'ao anabeba, mmea unasambaziwa mbegu bure

Kaka Idi: tapeli mkubwa

Shangazi Mwajuma: Tuma picha yake Zuhura, na iwe kubwa, miwani yangu sijui nimeiweka wapi