Uliyebadili rangi ya plastiki za gari nyumbani, tupeane uzoefu

Mgosi wa Sahare
Wagosi, bampa za Probox yangu zimepauka kwa jua hadi zimekuwa kijivu. Nataka nizipulize nyeusi mwenyewe. Waliowahi, mlifanyaje?

Mama Raskazone
Umenikumbusha dashibodi. Ilikuwa rangi ya maziwa, nikaitaka nyeusi. Nikaifungua yote, skrubu nikazipanga kwenye sinia, nikaosha kwa sabuni ya unga, nikaanika, nikapuliza. Kabla sijaweka kopo chini rangi ikaanza kukimbiana, inajikusanya vitone vitone kama mafuta juu ya maji. Kumbe ile dawa ya kung'arisha niliyoipaka miaka yote ina silikoni, na sabuni haikuitoa. Nikachukua thina nifute. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa: vifremu vya matundu ya hewa vikalainika, vikanata kwenye kitambaa, alama za vidole vyangu zipo mpaka leo. Nilikaa barazani nikalia, maana gari ni la mume wangu, na alikuwa anarudi Jumapili kutoka Mombasa.

Mpita Kange
Silikoni! Hata mimi, vilevile.

Fundi Ngamiani
Pole dada. Mgosi, geuza bampa, nyuma kuna herufi za aina ya plastiki. Ukiona ABS, rangi inashika ila thina inaila. Ukiona PP, bila praima ya plastiki, ile ya chini ya kushikisha, rangi itabanduka hata upige msasa vipi. Msasa wa maji namba 400 hadi 600, kisha puliza nyembamba, kila tabaka subiri dakika 10 hadi 15.

Dereva Pongwe
Praima hela ya bure. Mimi nilipitisha moto wa gesi, bampa likarudi jeusi lenyewe.

Fundi Ngamiani
Kwa muda gani? Moto unapandisha mafuta ya ndani ya plastiki. Jua likiyamaliza, linapauka tena.

Dereva Pongwe
Limekaa kaskazi nzima. Usinifundishe gari langu.

Fundi Ngamiani
Mabampa yaliyojikunja kwa moto huo huletwa kwangu, ndiyo maana nasema.

Kijana Mikanjuni
Mkitaja moto mnanirudisha mbali. Nilikuwa napuliza saitimira stoo, nimefunga mlango vumbi lisiingie, kopo la pili limeisha. Bibi yuko koridoni na maharage kwenye jiko la mkaa. Akafungua mlango aniulize kama nitakula. Niliona moto wa bluu umepita sakafuni, halafu pazia. Ile gesi ya kopo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Hilo nimelijua nikiwa wodini. Nyusi zangu zimeota. Mkono wa bibi una baka.

Mama Raskazone
Subhanallah. Bibi anaendeleaje?

Kijana Mikanjuni
Alhamdulillah, anapika. Stoo ameitia kufuli.

Dereva Pongwe
Pole sana mdogo wangu. Mgosi, moto uache.

Mgosi wa Sahare
Basi nitapulizia uani, alfajiri.

Fundi Ngamiani
Alfajiri kuna umande, rangi itatoka na ukungu mweupe. Ngoja saa tatu au nne, kabla upepo wa bahari haujashika. Na uvae barakoa.

Mgosi wa Sahare
Nimelala chini ya gari na tochi. Ni PP.

Fundi Ngamiani
Praima kwanza.