Upasuaji wa urembo Uturuki: gharama na hatari zake

Swali (Mwanakwerekwe):
Assalamu alaykum. Mdogo wangu anataka kwenda Istanbul kuongezwa makalio kwa mafuta ya tumboni mwake mwenyewe. Bei aliyotajiwa inajumuisha hoteli. Je, kuna gharama tusizoziona?

Jibu (Chake Chake):
Wa alaykumu salaam, dada. Mara nyingi bei hiyo haihesabu siku za ziada akichelewa kupona, wala nauli ya mtu wa kumuuguza. Lakini ninachokiogopa zaidi ni upasuaji wenyewe: mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa wa damu hufika moyoni na mapafuni, na mgonjwa anaweza kufa papo hapo, ndiyo maana mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake wasiufanye.

Jibu (Mjini Unguja):
Mimi ni muuguzi. Asipande ndege mapema, kwa sababu kukaa kitako saa nyingi baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Tena adai ripoti kamili kwa Kiingereza, yenye majina ya dawa alizopewa, kwani kidonda kikianza kutoa usaha huku nyumbani, daktari atakayempokea hatakuwa na pa kuanzia.