Re: Nauli ya Houston mpaka Washington kwa kura moja, inafaa kweli?

Habari zenu wote,

Nimesoma majibu yenu tangu dada wa Houston aulize kama inafaa alipe nauli mpaka Washington kupiga kura ya rais wa Kenya, na wengi mnamwambia asijisumbue, hiyo nauli bora amtumie mama nyumbani. Nauli ni pesa kweli, sibishi. 2022 Marekani nzima tulikuwa na vituo vya kura Washington, New York na Los Angeles basi, na lazima uwe ulijiandikisha mapema kwenye kituo kile kile, kwa hiyo mtu wa Houston hizo ni safari mbili, ndege, pahali pa kulala na ruhusa ya kazini juu yake, halafu ukifika unapewa karatasi ya rais peke yake, mambo ya gavana na mbunge wa kwenu huna lako.

Lakini hii ya kusema kura moja si kitu, hapo nakataa. Sheria yetu inataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika kaunti 24 au zaidi, na hiyo nusu ndiyo inazipa kura chache uzito. 2013 Uhuru alipita na asilimia 50.07, yaani aliponea duru ya pili kwa kura elfu chache tu nchi nzima. 2022 Ruto akapata 50.49, akampita Raila kwa kura 233,211, na uchaguzi huo huo watu zaidi ya milioni 7 na nusu waliokuwa kwenye daftari hawakutokea. Ni wengi kuliko wote waliomchagua aliyeshinda! Na nina hakika kila mmoja wao alikuwa na sababu yake, foleni, kazi, au hii hii ya "yangu moja itafanya nini".

Ndugu aliyesema matokeo hupangwa Nairobi, nakuelewa, tumeumizwa sana. Ila kumbuka kura zinahesabiwa pale pale kituoni, zinaandikwa kwenye fomu 34A, mawakala wanatia sahihi, na 2022 tume ya uchaguzi iliziweka fomu hizo kwenye tovuti yake mtu yeyote afungue. Ukifungua unaona majina manne ya wagombea, idadi imeandikwa kwa mkono mbele ya kila jina, na kura zilizokataliwa nazo zimeandikwa. Kituo kidogo cha nje ukiongeza kura moja unaiona kwa macho yako. Na ile kesi ya 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, ilihusu sana fomu hizi na jinsi zilivyotumwa. Karatasi isipokuwepo hata mahakamani huna cha kushika.

Kinachoniuma mimi ni kwamba tunatuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka, na 2022 waliojiandikisha kupiga kura ng'ambo, nchi zote 12 zenye vituo, walikuwa elfu kumi na kitu tu. 2013 vituo vya nje vilikuwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi pekee, vikaongezeka polepole kwa sababu katiba yenyewe inasema tuandikishwe hatua kwa hatua. Sasa sisi tukienda kudai kituo Texas tutaonyesha nini, na hata hivi vilivyopo hatuvijazi?

Uchaguzi ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Angalieni pasipoti zenu leo, manake ikiwa imeisha muda foleni ya kuibadilisha mnaijua, na mwenye kitambulisho cha Kenya asikiache nyumbani siku ya kujiandikisha. Kama unahitaji kubadilisha pasipoti na kujiandikisha, jaribu kupanga tarehe yafanyike safari moja, nusu ya gharama imeondoka. Kazini omba ruhusa mapema, hapa Jumanne ya Agosti ni siku ya kazi kama nyingine.

Dada wa Houston, mimi niko Maryland, ubalozini Washington si mbali kwa gari. Chumba kipo, wewe nitumie tarehe tu, na wengine mlio karibu na New York au Los Angeles semeni mnaweza kupokea watu wangapi.