"Height" kwa Kiswahili: ni urefu, kimo, mwinuko, au kila moja kwa wakati wake?

Muulizaji, Lindi mjini

Salaam kwenu nyote. Nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili kijitabu cha wanafunzi wa shule za msingi kuhusu mifupa ya mijusi wakubwa wa kale ya Tendaguru, ile iliyochimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 katika kilima kilichoko kaskazini-magharibi mwa mji wetu, ikabebwa na wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na hatimaye ikavuka bahari hadi Berlin. Maandishi ninayoyafuata ni ya Kiingereza, na neno linalonisumbua ndani yake si la kitaalamu hata kidogo. Ni "height", neno ambalo mtoto wa darasa la tatu amekwisha kulisikia.

Katika kurasa chache tu limetokea mara nne, na kila mara nahisi linataka kuvaa nguo nyingine. Kwanza linatajwa kwa mifupa ya mnyama mmoja iliyosimamishwa katika makumbusho ya Berlin, ambayo ni mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Pili linatajwa kwa kilima cha Tendaguru kikilinganishwa na usawa wa bahari. Tatu, kwa wingi, linataja vilima vilivyo nyuma ya pwani yetu. Nne linatajwa kwa kazi ya uchimbaji ilipokuwa imefikia wakati ambapo watu walioajiriwa walikuwa mamia.

Mwanzoni niliandika "urefu" kote. Nilipowasomea watoto rasimu hiyo, mmoja wao alitoka nje, akahesabu hatua kumi na tatu uwanjani, akarudi na kuniambia kwamba mnyama huyo hakuwa mkubwa sana, kwa sababu hata basi la kwenda Dar es Salaam linamkaribia. Alikuwa amempima kwa kumlaza chini, kutoka puani hadi mkiani. Hakukosea yeye, nimekosea mimi. Mnyama yule kutoka pua hadi mkia alikuwa na takribani mita 22. Naomba mnisaidie: je, kuna neno moja litakaloondoa utata huu?

Mwalimu wa hisabati, Masasi

Dada, hongera kwa kazi hiyo, na umpongeze mtoto aliyetoka nje kupima, maana wengi wangemeza namba hiyo bila kuitafuna.

Neno unalolitafuta kwa mifupa hiyo ni "kimo", nalo si geni kwa wanafunzi wako. Tunapowafundisha eneo la pembetatu tunawaambia wazidishe nusu kwa kitako kwa kimo, na tunapofika kwenye mche mstatili tunawaambia wazidishe urefu kwa upana kwa kimo. Katika somo hilo hakuna mwanafunzi anayeweza kudhani kwamba urefu na kimo ni kitu kimoja, kwa sababu maneno yote mawili yamo ndani ya kanuni moja, kila moja likiwa na upande wake. Urefu ni ule unaolala na kimo ni kile kinachosimama. Kwa mnyama wako basi, mita 22 ni urefu na mita 13.27 ni kimo, na ukiziandika zote mbili katika sentensi moja hutahitaji maelezo zaidi.

Ningependa pia uongeze kipimo hicho kimeishia wapi. Ng'ombe hupimwa kimo chake begani, na hakuna anayejali kichwa kimeinuliwa au kimeinamishwa, lakini mnyama huyu amepimwa hadi kichwani, shingo ikiwa imenyooshwa juu kama ya twiga. Begani kwake ni chini sana ya hapo. Mtoto asipoambiwa hivyo atadhani mgongo wenyewe ndio uliokuwa juu ya mita kumi na tatu.

Nikiruhusiwa kutoka nje ya mada kidogo: neno "mbilikimo" wengine hulieleza kuwa limetokana na "mbili" na "kimo", yaani mtu ambaye kimo chake ni vipimo viwili tu. Iwe ndivyo au sivyo, linaonyesha kwamba neno hili limekuwa likitumika kwa viumbe vilivyosimama tangu zamani.

Mwenyeji wa Newala

Kwa heshima zote kwa mwalimu, naona tunataka kumfunga Mswahili kamba ambayo yeye mwenyewe hakujifunga. Sijawahi kumsikia mtu yeyote akisema "Mlima Kilimanjaro una kimo". Tunasema ni mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, na kila mmoja anaelewa kwamba haukupimwa kwa kulazwa. Tunasema mtu mrefu, mti mrefu, minara mirefu. Ikiwa "mrefu" inatosha, kwa nini "urefu" usitoshe?

Tena sisi wa huku juu ndio tunaopaswa kusikilizwa katika jambo hili. Uwanda wa Makonde hupanda taratibu kutoka pwani, mtu akitoka Mtwara anaweza kusafiri muda mrefu bila kuhisi kwamba anapanda, kisha ghafla anafika Newala na kukuta nchi imekatika mbele yake na bonde la Ruvuma liko chini kabisa. Tunazungumzia jambo hili kila siku, na hatutumii kimo wala urefu. Tunasema "kupanda" na "kushuka", "huku juu" na "kule bondeni". Maji yamekuwa shida yetu ya miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo, kwamba watu wako juu na chemchemi ziko chini, na ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde husukuma maji kwa pampu kutoka Mitema hadi uwandani. Nenda kwa mama aliyebeba ndoo kichwani, umuulize kimo cha kilima alichokipanda. Atakuonyesha miguu yake.

Mwalimu wa hisabati, Masasi

Ndugu wa Newala, umenifanya nifikiri, nami nakubali sehemu ya hoja yako. Ukitazama vizuri utaona kwamba kivumishi chetu hakibagui kabisa. Mtu mrefu anakwenda juu, barabara ndefu inakwenda mbele, kisima kirefu kinakwenda chini, na safari ndefu haiendi popote isipokuwa katika saa. Yote hayo ni "-refu". Tunaelewana kwa sababu kitu chenyewe kinatajwa, na kila mtu anajua kisima kinaelekea wapi.

Nomino ndizo zinazobagua. Mara tu unapotaka kutoa namba, kisima kinapata "kina", pembetatu inapata "kimo", na barabara inabaki na "urefu" wake. Kwa hiyo "mnyama mrefu" ni Kiswahili safi, lakini "mnyama mwenye urefu wa mita 13.27" ni kitendawili, kwa sababu mnyama, tofauti na mlima au kisima, ana pande mbili ambazo zote zinaweza kuitwa ndefu. Ndiyo maana yule mtoto alipotea kwenye mjusi, na asingepotea kwenye mnara.

Fundi ujenzi, Mtwara

Mimi sikusoma sana, lakini vipimo ndivyo vinavyonilisha, kwa hiyo mnivumilie. Saiti hatusemi kimo. Tunasema "kwenda juu". Mwenye nyumba akija na kuniambia anataka chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, na futi kumi kwenda juu, hatujawahi kugombana. Tena ukuta wenyewe hatuutaji kwa futi wala mita, tunautaja kwa kozi, yaani safu za matofali: tumefika kozi ya tano, kesho tunafunga lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha. Timazi inaniambia kama ukuta umesimama wima, pima maji inaniambia kama umelala sawa, na kozi zinaniambia umefika wapi kwenda juu. Kila swali lina kifaa chake, sembuse neno lake.

Kwa hiyo, dada, kama unaogopa kwamba "kimo" kitawapita watoto wadogo, andika "mita 13.27 kwenda juu". Nimekupigia na hesabu: tofali letu la inchi tisa likisimamishwa pamoja na saruji ya kuliunganisha hutoa karibu sentimita 25 kwa kozi moja, kwa hiyo mnyama wako ni ukuta wa kozi 53. Nyumba ya kawaida ninayojenga mimi hufunga lenta kwenye kozi ya tisa au ya kumi. Mtoto yeyote wa fundi atashtuka.

Nahodha mstaafu, Mikindani

Wanangu, mmebishana vizuri kuhusu neno la kutumia, lakini sijasikia mkiuliza linaanzia kuhesabu wapi, na baharini hilo ndilo linaloweza kukuua.

Chukueni maji yenyewe. Jedwali la maji kujaa na kupwa hutaja kima cha maji, na mtu asiyejua hudhani kwamba ni kina cha mahali alipo. Sivyo. Hicho ni kiasi ambacho maji yamepanda juu ya usawa wa chini sana uliochaguliwa na wapima ramani, na kina kilichoandikwa kwenye ramani huhesabiwa kutoka usawa huo huo kwenda chini. Ili ujue chombo chako kitapita au kitakwama, inabidi ujumlishe viwili hivyo. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, bahari ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na wakati wa maji mafu ni kidogo tu. Mlango wa ghuba ni ule ule, mwamba ni ule ule, lakini asubuhi unapita na jioni unakwangua. Minara ya taa nayo, kimo chake kwenye ramani hakihesabiwi kutoka usawa wa chini, bali kutoka usawa wa maji makuu, ili baharia asidanganyike kuhusu umbali ambao ataiona. Karatasi moja ina mianzo miwili.

Marubani nao, kwa nilivyoelezwa na wenye kazi hiyo, wameyatenganisha kabisa. Wana neno moja la umbali kutoka ardhi iliyo chini ya ndege, ambalo ndilo hilo "height" la dada yetu, na neno jingine la umbali kutoka usawa wa bahari, na la tatu la mahali palipo ardhini penyewe, kama uwanja wa ndege. Waingereza wenyewe basi, nje ya ofisi hizo, huyachanganya yote matatu, kwa hiyo msidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu.

Kwa kilima cha Tendaguru, binti yangu, tumia "mwinuko kutoka usawa wa bahari", na usiache maneno manne ya mwisho. Vivyo hivyo kwa Kilimanjaro cha ndugu yetu wa Newala: zile mita 5,895 ni za kilele kutoka baharini, si kutoka Moshi. Anayeupanda hajaanzia ufukweni.

Muulizaji, Lindi mjini

Shikamoo nahodha, na ahsanteni nyote. Sikutegemea kwamba swali la neno moja lingepita shuleni, saiti na baharini. Nimeandika upya sehemu mbili za kwanza. Kwa mifupa nimeandika hivi: "Mnyama huyu, ambaye urefu wake kutoka pua hadi mkia ni takribani mita 22, amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani." Ukuta wa kozi 53 nimeuweka chini ya picha, kwa ruhusa ya fundi.

Zimebaki zile mbili za mwisho. Kwa vilima vilivyo nyuma ya pwani nilitaka kuandika "miinuko", lakini nikihofia kwamba mtoto ataelewa mwinuko wa barabara, ule wa kupanda na baiskeli. Na kwa uchimbaji uliokuwa umefikia mamia ya wafanyakazi, "kimo cha kazi" hakisemeki.

Mwenyeji wa Newala

Hapo sasa umekuja kwangu. Andika "vilima", basi. Kiingereza kina desturi ya kuita vilima kwa kipimo chake, kama mtu anavyoitwa "Mrefu", lakini sisi hatuna haja ya kuifuata. Hata Tendaguru jina lake, linalotafsiriwa kutoka Kimwera kuwa kilima chenye mteremko mkali, linataja kilima na jinsi kinavyoshuka, wala halitaji mita. "Miinuko" iache kwa habari za redioni, wanapotaja ile ya Golan, Mashariki ya Kati.

Kuhusu uchimbaji, hilo ni jambo la wakati wala halina juu wala chini. Sisi tunasema msimu wa korosho umepamba moto, na hakuna aliyewahi kupima moto huo kwa rula. Andika "kazi ilipopamba moto", au kama mwenye kijitabu anataka lugha ya ofisini, "kazi ilipofikia kilele". La kwanza ni letu zaidi.

Muulizaji, Lindi mjini

Nimechukua la kupamba moto. Leo nimewasomea watoto rasimu mpya, na yule yule aliyepima uwanja kwa hatua hakutoka nje safari hii. Alitazama dirishani, akauliza kama kichwa cha mnyama kingefika kwenye nazi za mnazi ulio nyuma ya darasa. Nilikosa jibu, kwa sababu sijui kimo cha mnazi.

Mkwezi, Mikindani

Mwambie kwamba inategemea mnazi. Ile mifupi ya kisasa angeinama kuila. Lakini mnazi mrefu wa kienyeji ukizeeka hupita mita 20, nami nimekwea mingi ya aina hiyo, kwa hiyo mwenye kimo cha mita kumi na tatu angesimama chini akisubiri niangushe.