Naomba ushauri: chakula cha jioni na waajiri hotelini

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko mwaka wa mwisho, nasoma uhasibu hapa Dar. Alhamisi ijayo kampuni moja ya ukaguzi wa hesabu imetualika wanafunzi wachache kula chakula cha jioni na mameneja wao, hotelini Posta. Kazi hii naitaka kwa dhati.

Ya msingi nimeshayasoma: kitambaa mapajani, uma kushoto na kisu kulia, unaanza na vyombo vya nje ukija ndani, mkate wako uko kushoto, glasi kulia. Ukimaliza unalaza uma na kisu sambamba kwenye sahani. Simu haitatoka mfukoni.

Kinachonisumbua ni samaki. Nyumbani tunamchambua kwa vidole, mwiba ukikutana nao unautoa tu mdomoni. Pale akiletwa mzima nifanyeje? Au nichague kitu kisicho na mifupa? Halafu mvinyo: situmii kilevi, nakataaje bila kumkwaza mwenyeji? Na mshahara naweza kuuliza mezani, au nisubiri usaili?

Hasa nyie mnaoajiri, naombeni mniambie mkikaa na sisi mnaangalia nini.